Kiti na Mwenye Kukikalia: Uhakiki wa Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Roma

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kazi ya mhakiki huishia katika mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza, na kwamba sheria ni mali ya mawakili. Fikira hii haifai. Sheria nayo ni utungo. Ina watungaji, ina maneno yaliyochaguliwa na mengine yaliyokataliwa, ina mwanzo na ina mwisho. Tena hubeba mzigo ambao shairi halibebi. Shairi likiwa bovu humchosha msikilizaji. Sheria ikiwa mbovu mtu hupoteza shamba, uhuru au maisha yake. Kwa hiyo yafaa sheria isomwe kwa jicho kali kuliko shairi, na mhakiki aulize maswali yale yale aliyozoea kuuliza. Utungo huu wasema nini? Wasema kwa maneno gani? Na ulipotoka kitabuni ukaingia katika maisha ya watu, ulitenda nini?

Katika insha hii nataka tuhakiki kifungu kimoja kifupi, cha 27, katika Mkataba wa Roma. Mkataba huo ulipitishwa tarehe 17 Julai 1998, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na Kenya iliuridhia mwezi wa Machi 2005. Ndio ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yenye makao yake Hague katika nchi ya Uholanzi. Mahakama hiyo haihukumu nchi bali watu, tena kwa makosa makubwa kabisa: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita, na kuivamia nchi nyingine. Nimekichagua kifungu hiki kwa sababu kiliwahi kutiwa katika mizani iliyo karibu nasi. Mizani hiyo ilikuwa Nakuru na Naivasha, na msomaji wa Bonde la Ufa hana haja ya ramani ili aione.

Kifungu kina aya mbili tu. Aya ya kwanza yasema kwamba mkataba wawahusu watu wote sawasawa pasipo kujali vyeo vyao. Halafu yavitaja vyeo vyenyewe: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, mtu wa baraza la serikali, mbunge, mjumbe aliyechaguliwa, mtumishi wa serikali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomwondolea mtu hatia ya jinai, wala kinachompunguzia adhabu. Aya ya pili yaongeza kwamba kinga yoyote ambayo cheo humpa mtu, iwe kwa sheria ya nchi yake au kwa sheria ya mataifa, haiizuii Mahakama kumhukumu.

Tuutazame uzuri wa utungo huu kabla ya kuutafutia kasoro. Watungaji wangeweza kusema “watu wote” wakanyamaza. Lakini walijua kwamba wakubwa wana desturi ya kujitoa katika neno “wote”. Kwa hiyo walivitaja vyeo kimoja kimoja, nao wakaanza na kilicho juu. Wangeweza kuanza na karani, wakapanda kwa woga mpaka kwa mfalme. Wao walianza kileleni wakashuka. Mpango huo wa maneno wenyewe ni fundisho.

Uzuri wa pili umo katika fikira iliyolala chini ya maneno. Kifungu chatenga vitu viwili ambavyo macho yetu huviona kuwa kimoja: kiti, na mwenye kukikalia. Kiti ni cha nchi. Hakina mikono, hakiui mtu wala hakichomi nyumba. Mwenye mikono ni mtu, na mtu ndiye atakiwaye kujibu. Wazee husema cheo ni dhamana, na aliyewekewa dhamana hawezi kujificha nyuma yake anapoulizwa habari za matendo yake. Wala fikira hii haikuzaliwa Roma. Mkataba wa London wa mwaka 1945, ulioiunda mahakama ya Nuremberg ya kuwahukumu wakuu wa Ujerumani ya Hitler, ulikataa vilevile cheo kiwe ngao.

Kenya iliitia fikira hiyo hiyo katika Katiba yake ya mwaka 2010. Kifungu cha 143 cha Katiba chaanza kwa kumkinga Rais: awapo madarakani hashtakiwi kwa jinai. Lakini mwishoni, katika ibara ya nne, chasema kwamba kinga hiyo haifiki kwenye kosa ambalo Rais aweza kushtakiwa chini ya mkataba ulioingiwa na Kenya, ikiwa mkataba huo wakataza kinga ya namna hiyo. Hapa mhakiki aweza kulaumu kidogo. Mkataba wa Roma umeashiriwa bila kutajwa jina, kama mtu amsemaye jirani kwa mafumbo. Hata hivyo maana yake ni dhahiri: mlango wa mbele umefungwa, na dirisha limeachwa wazi kwa makusudi.

Katiba hiyo ilizinduliwa Nairobi tarehe 27 Agosti 2010. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwapo Omar al-Bashir, Rais wa Sudan wakati huo, ambaye Mahakama ya Hague ilikuwa imekwisha toa hati mbili za kumkamata kwa mambo yaliyotendeka Darfur. Alikuja, akaketi, akarudi kwao salama. Mwezi wa Novemba 2011 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru akamatwe akikanyaga tena nchini, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba serikali ilikosa kutimiza wajibu wake. Basi siku ile ile maneno yalipozaliwa, matendo yalishika njia nyingine. Msomaji na aikumbuke dalili hii, maana ndiyo iliyotangulia habari ya Nakuru.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, Mwai Kibaki aliapishwa jioni ile ile, na upande wa Raila Odinga ukayakataa. Ghasia zikazuka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini, na 744 kati yao walikufa katika Mkoa wa Bonde la Ufa peke yake. Maana yake ni kwamba katika kila watu 3 waliokufa, karibu 2 walifia katika Bonde hili.

Wala ghasia za Bonde hazikuwa za upande mmoja. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliolikimbilia. Upande wa Molo na Kuresoi, ambako mapigano ya mwaka 1992 yalikuwa bado hayajasahauliwa, watu walifukuzwa tena mashambani, na wengi wao wakakimbilia mjini Nakuru. Mwishoni mwa Januari kisasi kikafika Nakuru na Naivasha, na safari hii waliowindwa walikuwa Waluo, Waluhya na Wakalenjin. Tarehe 27 Januari, mjini Naivasha, watu 19, na watoto wakiwamo, waliteketea katika nyumba moja. Kila upande una makaburi yake, na asomaye habari hii kwa kuhesabu makaburi ya kabila lake tu hajaisoma.

Tume ya Waki ilipendekeza mahakama maalumu iundwe hapa hapa Kenya. Majina ya washukiwa iliyatia katika bahasha, ikamkabidhi msuluhishi Kofi Annan mwezi wa Oktoba 2008, kwa sharti kwamba mahakama hiyo isipoundwa, bahasha iende Hague. Bunge liliukataa mswada wa mahakama hiyo tarehe 12 Februari 2009, na mwezi wa Julai bahasha ikaenda. Kwa hiyo asemaye kwamba wageni walitunyang'anya kesi zetu hasemi kweli. Zilikwenda kwa kuwa tulikataa kuzisikiliza nyumbani.

Tarehe 15 Desemba 2010 mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo aliwataja watu 6 katika kesi mbili. Mwezi wa Januari 2012 majaji waliwathibitishia mashtaka 4 kati yao. Kesi moja, ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang, ilihusu upande wa Eldoret na Nandi. Nyingine, ya Uhuru Kenyatta na Francis Muthaura, ndiyo iliyohusu Nakuru na Naivasha: walidaiwa kushiriki katika kupanga mashambulizi yaliyotekelezwa na kundi la Mungiki. Wote walikana. Kisha likatokea jambo ambalo watungaji wa kifungu cha 27 walilitazamia kwa maneno, lakini Mahakama ilikuwa haijapata kulikabili katika chumba chake. Mwaka 2013 washtakiwa wawili walichaguliwa, mmoja kuwa Rais na mwingine kuwa Naibu wake.

Kwa mujibu wa kifungu cha 27 hapakuwa na neno. Kiti ni kiti, mtu ni mtu. Na kweli, tarehe 8 Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta alikwenda Hague, akawa mkuu wa nchi wa kwanza aliye madarakani kusimama mbele ya Mahakama hiyo. Kabla ya safari alimkabidhi Naibu wake madaraka ya urais kwa muda, ili aende kama mtu na kiti kibaki Nairobi. Nani angeweza kukieleza kifungu cha 27 kwa mfano ulio wazi kuliko huo? Lakini tarehe 5 Desemba mwaka huo huo mwendesha mashtaka Fatou Bensouda aliyaondoa mashtaka kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ya Muthaura yalikuwa yameondolewa tangu Machi 2013. Kesi ya Ruto na Sang nayo ilivunjwa tarehe 5 Aprili 2016 kwa uamuzi wa majaji wawili kati ya watatu.

Hapa ndipo mhakiki sharti aulize: je, kifungu kilishindwa? Jibu langu ni kwamba kifungu chenyewe hakikushindwa. Lililoshindwa ni jengo kilimowekwa. Kiti kilichotolewa nje na kifungu cha 27 kilirudi ndani kwa milango mingine ya mkataba ule ule.

Mlango wa kwanza ni wa kanuni. Mwezi wa Novemba 2013 nchi wanachama zilibadili kanuni za Mahakama, zikamruhusu mshtakiwa mwenye kazi kubwa za uongozi wa nchi yake kuomba asihudhurie kesi, awakilishwe na mawakili wake. Kifungu cha 27 hakikuguswa hata herufi moja. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba cheo chake si kitu, sasa akaruhusiwa kukitaja cheo chake kuwa udhuru.

Mlango wa pili ni mpana zaidi, nao ni kifungu cha 86. Kifungu hiki chazitaka nchi wanachama zishirikiane kikamilifu na Mahakama. Mahakama haina polisi wake. Ikitaka hati za benki, habari za simu au daftari za magari, sharti iziombe kwa serikali ya nchi inayohusika. Sasa tusome vifungu viwili hivi pamoja, kama tusomavyo beti mbili za shairi moja. Katika cha 27 mshtakiwa ni mtu tu, hana kiti. Katika cha 86 Mahakama yaiandikia serikali barua ya kuomba ushahidi juu ya mshtakiwa, na mkuu wa serikali hiyo ni nani? Ni yeye yule. Kiti alichovuliwa katika ubeti mmoja amerudishiwa katika ubeti mwingine. Mwezi wa Septemba 2016 majaji waliamua kwamba serikali ya Kenya haikutimiza wajibu wake wa kushirikiana katika kesi ya Kenyatta, wakalipeleka jambo hilo mbele ya mkutano wa nchi wanachama. Lakini kesi yenyewe ilikuwa imekwisha kufa.

Mlango wa tatu umo moyoni mwa shahidi. Kifungu cha 68 chaahidi ulinzi kwa mashahidi, na ahadi hiyo ni njema. Lakini mlinzi aliye Hague aweza kumficha shahidi mmoja. Hawezi kuwaficha mama yake, shamba lake na jina lake. Katika kesi ya Ruto na Sang, Jaji Chile Eboe-Osuji alisema wazi kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa na kwamba siasa ilikuwa imeivuruga kesi. Kwa hiyo uamuzi ule haukuwasafisha washtakiwa wala haukuwatia hatiani, na mlango wa kuwashtaki tena uliachwa bila kufungwa. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2023 ofisi ya mwendesha mashtaka ilitangaza kwamba imemaliza uchunguzi wake juu ya Kenya.

Haki yataka pia lawama igawanywe sawasawa. Katika kesi ya Nakuru upande wa mashtaka nao ulikuwa na makosa yake. Mwezi wa Desemba 2013 Bensouda mwenyewe alieleza kwamba shahidi mmoja hakutaka tena kuendelea, na mwingine amekiri kuwa alisema uongo juu ya jambo kubwa. Jaji Christine Van den Wyngaert alikuwa ameulaumu upande huo kwa kuchelewesha sehemu kubwa ya uchunguzi wake. Mtu hahukumiwi kwa sababu Mahakama ina nia njema. Mashtaka yakikosa ushahidi, mshtakiwa ana haki ya kwenda zake.

Kuna hoja mbili za upinzani ambazo hatuwezi kuzipita kimya. Ya kwanza yasema kwamba Mahakama hiyo imewaonea Waafrika. Hoja hii ina uzito. Kwa miaka mingi washtakiwa wake wote walikuwa wa bara letu, na Marekani, Urusi na China, nchi kubwa zenye kura ya turufu katika Umoja wa Mataifa, si wanachama wake. Lakini tuitazame dawa ambayo wakuu wetu waliipendekeza. Mwaka 2014, mjini Malabo, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya kuipa mahakama ya Afrika uwezo wa kuhukumu makosa hayo hayo, ikatiwa humo kifungu kisemacho kwamba mkuu wa nchi aliye madarakani hatashtakiwa. Weka kifungu hicho kando ya cha 27 uone. Kimoja kiliandikwa na watu waliomfikiria aliyechomewa nyumba. Kingine kiliandikwa na wenye viti. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ikiwa kosa la Mahakama ni kwamba haiwafikii wakubwa wote, dawa yake ni kuwafikia waliobaki, wala si kuwaachilia wote.

Hoja ya pili ni ya amani. Yasemwa kwamba waliokuwa wakipigana mwaka 2008 waliungana mwaka 2013, na uchaguzi wa mwaka huo ukapita Nakuru bila damu kama ile. Ni kweli, na amani si kitu cha kudharauliwa na mtu aliyewahi kulala chini ya turubali. Lakini amani ya waliokaa juu na haki ya waliokaa chini ni vitu viwili. Tarehe 16 Aprili 2016, siku 11 baada ya kesi ya mwisho kuvunjika, ulifanyika mkutano mkubwa wa maombi ya shukrani katika uwanja wa Afraha, mjini Nakuru. Uwanja huo huo ulikuwa kimbilio la waliofukuzwa mwaka 2008. Kushukuru si kosa. Lakini mjane wa Naivasha alikuwa na swali moja, nani alimwua mume wangu, na swali hilo halikujibiwa Hague wala Nairobi, wala katika uwanja ule.

Tukitazama nje ya Kenya twaona jambo lile lile. Hissène Habré wa Chad alihukumiwa Dakar mwaka 2016, zaidi ya miaka 25 baada ya kuanguka. Rodrigo Duterte wa Ufilipino alikamatwa na kupelekwa Hague mwezi wa Machi 2025, akiwa amekwisha toka madarakani. Hati ya kumkamata Vladimir Putin wa Urusi ilitolewa mwezi wa Machi 2023 akiwa kitini, na mwaka uliofuata alizuru Mongolia, nchi mwanachama, akarudi kwao salama kama Bashir. Twaweza basi kusema kwamba kifungu cha 27 ni kweli katika maneno, na katika matendo bado chasubiri mtu ashuke.

Hukumu yangu juu ya utungo huu ni hii. Kifungu cha 27 ni kizuri, na anayetaka kifutwe ataka tupoteze kitu kilichopatikana kwa gharama kubwa. Lakini ni nguzo moja iliyonyoka katika nyumba ambayo nguzo zake nyingine zakatwa katika msitu wa mshtakiwa. Mkataba ulikuwa hodari wa kumtenga mtu na kiti chake mbele ya jaji. Haukuweza kumtenga naye mbele ya karani mwenye kutunza faili, mbele ya askari wa kituo, na mbele ya jirani aliyeona kwa macho yake nani alileta petroli. Utengano huo hauwezi kuandikwa Roma. Utaandikwa hapa, siku karani wa Nakuru atakapoitoa faili kwa sababu sheria yaitaka, wala asiulize kwanza ni nani aliyekaa kitini.